Mgawanyiko Usiolingana wa Seli katika Kimelea cha Nagana: Mbung'o wa Pwani ya Tanga

Seli inapogawanyika, hutarajiwa kuzaa seli mbili zinazofanana kwa umbo na kwa kazi. Katika mgawanyiko usiolingana, hata hivyo, seli moja huzaa mbili zenye urithi uleule lakini zenye ukubwa na hatima tofauti. Kwa mfugaji wa Pangani au Muheza jambo hili laweza kuonekana la maabara tu, ilhali limo katika mnyororo unaomfanya ng'ombe wake akonde kwa nagana.

Vimelea vya nagana, yaani tripanosoma, huenezwa na mbung'o. Katika ukanda huu wamo Glossina pallidipes, Glossina brevipalpis na Glossina austeni, anayependelea vichaka vizito vya pwani. Ranchi ya Mkwaja, kusini mwa Pangani, ilifuga ng'ombe miongoni mwa mbung'o kwa miongo kadhaa kwa kutegemea dawa, hadi ilipofungwa mwaka 2000.

Mgawanyiko unaojadiliwa huonekana wazi katika Trypanosoma brucei. (Trypanosoma vivax, ambacho nacho huwaathiri sana ng'ombe, hukulia mdomoni mwa mbung'o, hivyo hakina safari ndefu.) Kimelea hiki huongezeka kwanza katika utumbo wa kati wa mbung'o, kikigawanyika sawasawa. Kisha huelekea mbele hadi kwenye proventrikulo, sehemu inayounganisha umio na utumbo. Hapo seli hurefuka, na kinetoplasti, yaani fungu la DNA lililo karibu na shina la mjeledi, huhama kutoka nyuma ya kiini hadi mbele yake. Seli hiyo hugawanyika isivyolingana: moja hutoka ndefu, yenye mjeledi mrefu, nyingine fupi, yenye mjeledi mfupi mno.

La kushangaza ni kwamba ile fupi, isiyo hodari wa kuogelea, ndiyo inayoendeleza uzao. Hudhaniwa kuwa hubebwa na ndefu kabla hazijaachana. Ifikapo katika tezi za mate, hujishikiza ukutani kwa mjeledi wake, ndefu hufa. Humo tezini seli zilizojishikiza hugawanyika sawasawa ili kuongeza idadi, na pia isivyolingana, ambapo seli moja hubaki ukutani na nyingine hushika njia ya kuwa kimelea huru, chenye koti la protini, tayari kuingia katika damu ya mnyama.

Njia hiyo ni nyembamba: porini, mbung'o wenye Trypanosoma brucei aliyekomaa tezini kwa kawaida hawafiki asilimia 1. Lakini aliyeambukizwa hivyo hubaki na kimelea maisha yake yote, na kila anaponyonya huweza kukipandikiza.

Udhibiti uliofanikiwa zaidi katika eneo hili haukumlenga kimelea bali mbung'o mwenyewe. Madume ya Glossina austeni yalizalishwa kwa wingi katika taasisi ya utafiti jijini Tanga, yakahasiwa kwa mionzi ya gama, na kuachiwa Unguja kuanzia mwaka 1994. Mbung'o wa mwisho wa porini kisiwani humo alinaswa mwaka 1996. Unguja imezungukwa na bahari. Vichaka vya Saadani havina mpaka wa namna hiyo.