Mkate Mwepesi Ulio Mtamu Tuutafute Wapi?

Siku hizi ni nadra kuingia katika nyumba yenye wazee usimkute mmoja wao aliyeambiwa na daktari apunguze unga mweupe. Pengine ni baba mwenye kisukari, pengine ni bibi ambaye magoti yamechoka kuubeba mwili, pengine ni mama aliyejifungua mara kadhaa na uzito ukabaki. Amri hiyo huonekana nyepesi ikitolewa hospitalini, lakini ikifika jikoni huwa nzito. Mkate ndio futari, ndio chai ya asubuhi, ndio anaoandaliwa mgeni. Mara nyingi mgonjwa hutengewa kisahani chenye kipande kikavu kisicho na ladha, akale pembeni ilhali wenzake wamelizunguka sinia. Hazipiti wiki mbili naye amerudi kwenye sinia, na agizo la daktari limeishia hapo.

Kwa maoni yetu, asitengwe mtu. Ubadilishwe mkate wa nyumba nzima, kwa sharti kwamba uwe mtamu, maana mkate usiolika haumfai mzima wala mgonjwa.

Kwanza tufahamu uzito wa jambo lenyewe. Gramu moja ya wanga ina kalori 4 hivi, na gramu moja ya mafuta ina 9. Hapo ndipo siri ilipo. Chapati moja ya wastani huchukua unga gramu 60, nao una kalori zipatazo 220. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120. Basi chapati iliyokunjwa kwa kijiko kimoja, kisha ikakaangwa kwa kijiko kingine na kuyanywa mafuta yote, imebeba ndani ya mafuta peke yake kuliko ilivyobeba ndani ya unga. Wengi huulaumu unga, kumbe chupa ya mafuta imesimama kando imenyamaza.

Ama kuhusu mkate wa kahawia wa dukani, tuseme ukweli. Mkate mweupe una kalori zipatazo 265 katika gramu 100, na ule wa ngano nzima zipatazo 250. Tofauti hiyo ni ndogo mno kumpunguza mtu mwili. Faida yake iko kwingine: unga wa ngano nzima haukuondolewa pumba wala kiini, kwa hiyo nyuzinyuzi zake ni zaidi ya mara mbili ya zile za unga mweupe. Nyuzinyuzi hunyonya maji, hujaza tumbo na huchelewesha njaa. Anayeshiba kwa vipande viwili hatafuti cha tatu. Hata hivyo rangi isituhadae, kwani ipo mikate iliyopakwa ukahawia kwa sukari iliyounguzwa. Tusome karatasi: unga wa ngano nzima uwe wa kwanza katika orodha ya viambato.

Wala mkate wa unga usiochekechwa si uzushi wa madaktari wa leo. Katika Sahihi Bukhari, Sahl bin Saad (r.a.) anaeleza kwamba zama za Mtume (s.a.w.) hawakuwa na chekeche, walisaga shayiri, wakaipuliza ili makapi yaruke, na kilichobaki wakakikanda.

Sasa tuingie jikoni. Malalamiko makubwa juu ya unga wa ata ni kwamba chapati yake hukakamaa. Sababu ni kiu: pumba hutaka maji mengi zaidi na muda wa kuyanywa. Tukande kwa maji ya moto, donge liwe laini kuliko tulivyozoea, kisha tulifunike kwa nusu saa. Tusukume nyembamba, tuweke juu ya chuma kikavu kilichopata moto barabara, tugeuze, kisha tuibonyeze pembeni kwa kitambaa hadi ifure. Ikitoka, ipakwe mafuta kidogo mno kwa ajili ya harufu na ifungwe ndani ya kitambaa safi ili mvuke wake uilainishe. Kwa watoto waliozoea nyeupe tuanze na robo ya ata, tuongeze taratibu. Tukiibadilisha yote siku moja, tutaila wenyewe.

Kwa mkate wa kuumua, ladha huletwa na muda. Hamira kidogo na donge lililolala usiku kucha mahali pa baridi hutoa mkate wenye harufu ambayo sukari haiwezi kuileta. Chumvi nayo isisahauliwe, ingawa kwa kiasi.

Watu wa mwambao wana bahati ambayo wengine wetu tumeisahau, nayo ni mkate wa mofa wa unga wa mtama, uliookwa bila mafuta. Ni mzito mdomoni, una ukali wa nafaka, na kwa mchuzi wa samaki wenye ndimu hakuna anayekumbuka boflo. Mkate wa ufuta nao si lazima uachwe. Tuukande kwa tui la pili badala ya tui zito, na ufuta tuunyunyize juu tu. Ufuta una mafuta mengi, lakini kijiko kimoja kilichochomeka vizuri hunukia nyumba nzima. Kuhusu mkate wa kumimina, wenye mchele, tui na sukari, sisi tunasema ubaki wa sikukuu, ukatwe vipande vidogo na uliwe kwa raha zake.

Tuangalie pia kinachofuatana na mkate. Kijiko kikubwa cha siagi huongeza kalori 100 hivi, na jamu juu yake. Kipande hichohicho kikiliwa na maharage, yai la kuchemsha au samaki hushibisha hadi adhuhuri.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge asipunguze mkate ghafla, hasa akikusudia kufunga, kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani dawa iliyopimwa kwa mlo wa zamani yaweza kuishusha sukari yake kupita kiasi. Hata ule wa ngano nzima huongeza sukari mwilini, hivyo kiasi chake kipangwe pamoja na daktari. Baada ya hapo, kipande chake kiwekwe kwenye sinia lilelile wanalolila wote.