Jino la Kweli, Taya la Uongo

Huenda mtu wa Chake Chake au Wete akaletewa na jamaa yake aliyeko Maskati, katika jumla ya zawadi za udi na halua, kipande cha taya chenye meno matatu au manne ya rangi ya asali, kimekaa juu ya jiwe la mchanga, nacho kimenunuliwa kwa maelezo kwamba ni cha joka la bahari la zama za kale. Kila aingiaye barazani atauliza ni taya la mnyama gani. Swali hilo halina ubaya, ila limewahi mno. Kwani kabla ya kutafuta nasaba ya mnyama, sharti tujue kwanza kama meno yale na taya lile viliwahi kukutana katika kinywa kimoja. Katika biashara ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, aghalabu jino huwa la kweli, na taya ndilo linalosema uongo.

Sababu yake imo katika maumbile ya reptilia wenyewe. Mwanadamu hujaaliwa meno mara mbili, ya utoto na ya ukubwani, basi. Lakini mamba huotesha meno umri wake wote, jino jipya likichipua chini ya la zamani kwa upande wa ulimi, likaila mizizi ya mwenziwe pole pole hata likalegea na kudondoka. Ndiyo maana meno mengi yaokotwayo hayana mzizi, na tako lake lina uwazi: hayo yalidondoka mnyama angali hai. Mnyama mmoja aliweza kutawanya mamia ya meno kabla hajafikwa na mauti, ilhali mataya alikuwa nayo mawili tu, nayo mara nyingi yalivunjwavunjwa kabla ya kufunikwa na udongo. Meno yakawa rahisi, mataya yakawa adimu. Na penye tofauti ya bei namna hiyo, fundi wa kuiziba hakosi kutokea.

Mafundi hao wanajulikana zaidi huko Moroko, katika eneo la Khouribga, ambako machimbo ya fosfati hutoa kwa wingi meno ya mosasauri, reptilia wakubwa wa baharini waliotoweka pamoja na dinosaria kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita. Meno halisi hupachikwa katika mchanga uliokandwa kwa gundi, vikachanganywa humo vipande vya mifupa ambayo nayo ni ya kale kweli, hata mnunuzi akashindwa kujua ukweli umeishia wapi. Mwenye lenzi na subira atajua. Katika taya la asili meno hayalingani: moja limekomaa na ncha yake imelika, la pili limechomoza nusu, na mahali pa tatu ni shimo tupu lililokuwa likingojea; mfupa wenyewe una vitundu vya mishipa ya damu na nyuzi zinazokwenda kwa mpango, nao unaambatana na shina la jino bila ya mpaka wa kushtukiza. Katika la kughushi meno husimama kama askari wa gwaride, kimo kimoja na nafasi moja, na baina ya jino na kinachoitwa mfupa hupita mstari wa gundi wenye viputo vya hewa. Taa ya urujuanimno huifichua gundi hiyo kwa mng'ao usiofanana na wa jiwe, na tone la asetoni, ambayo ni dawa ya kufutia rangi ya kucha, hulainisha baadhi ya gundi.

Hapa afya nayo ina neno. Wapo wanaokijaribu kisukuku kwa kukilamba, kwa kuwa mfupa wa kale wenye vinyweleo hunata ulimini. Jaribio hilo lina ukweli ndani yake, lakini simshauri mtu kulifanya, maana hajui fundi alipaka nini, na mfupa uliokaa ardhini dahari huweza kufyonza urani kutoka katika maji. Kusugua kwa msasa ni kubaya zaidi, kwani vumbi la mawe lenye silika, likivutwa kwa muda mrefu, huyaharibu mapafu kwa namna isiyotibika. Asetoni nayo isisogezwe karibu na moto wala isifunguliwe katika chumba kisicho na dirisha.

Wala tusiwacheke wanunuzi. Mwaka 2021 wataalamu walimtangaza mosasauri mpya, Xenodens calminechari, kwa kipande cha taya kutoka machimbo hayo hayo ya Moroko, chenye meno mafupi makali yaliyosongamana kama ya papa. Mwaka 2024 wataalamu wengine wakaandika kwamba huenda kimeghushiwa: kwa mosasauri kila jino hujijengea tundu lake, ilhali hapa palionekana meno mawili katika tundu moja. Wakataka kipigwe picha kwa mashine ya CT-skani, ile ile ya hospitalini.

Taya likishasalimika na shaka hizo, ndipo nasaba itafutwe, na mwanzo wake ni namna jino lilivyoshikana na mfupa. Kwa kinyonga jino hukaa juu ya ukingo wa taya na kuwa kitu kimoja nao. Kwa mjusi na kenge huegemea ukuta wa ndani. Kwa mamba na dinosaria huzama shimoni. Papa hana shimo wala mfupa: jino lake hushikwa na ufizi, na shina lake pana huelekea kugawanyika pande mbili. Kisha hutazamwa taji. La mamba ni pia yenye michirizi. La dinosaria mla nyama aghalabu ni bapa, limepinda nyuma, na makali yake yana vijino vya msumeno, ambavyo wataalamu huvihesabu kwa kila milimita 5.

Hata hivyo jino peke yake halitoshi, na ushahidi tunao hapa kwetu. Katika kilima cha Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba visukuku vya dinosaria tangu 1909 hadi 1913, kwanza chini ya Werner Janensch, huku msimamizi mahiri wa wachimbaji akiwa Boheti bin Amrani. Miongoni mwa meno yaliyopelekwa Berlin lipo moja lenye vijino vinene, ambalo Janensch alilihesabu katika jamii ya dinosaria iitwayo Labrosaurus. Mwaka 2012 mtaalamu Eric Buffetaut akalipa jina jipya, Ostafrikasaurus, akamfanya mwenye jino hilo kuwa wa ukoo wa dinosaria mwingine, Spinosaurus, na wengine wamempinga tangu hapo. Mjadala huo unawezekana baada ya miaka mia kwa kuwa kilima kinajulikana na tabaka zake zimeandikwa. Jino la dukani, hata liwe zuri kupita hilo, limekuja bila ya anwani, na mtaalamu hana pa kuanzia.

Pemba je? Miamba iliyo wazi kisiwani mwetu ni ya zama za Miosini na baada yake, yaani haizidi miaka milioni 23. Jino la kale la papa laweza kupatikana humo. Muuzaji akikuambia kwamba ameliokota jino la dinosaria kwenye mwamba wa pwani ya Wete, amekosea kwa miaka isiyopungua milioni 40, na ni halali yako kumwomba apunguze bei.