Mpangaji, Usinyamaze Mbele ya Msimamizi wa Nyumba

Ndugu wafanyakazi,

Wengi wetu tunaofanya kazi katika viwanda vya Jinja na mashamba ya miwa hatukai katika nyumba za wafanyakazi kama zile zilizojengwa Walukuba wakati wa ukoloni. Tumepanga muzigo, chumba kimoja au viwili, na mwenye nyumba hatumjui hata sura. Tunayemjua ni msimamizi wake.

Msimamizi huyu siku ya kodi hakosi mlangoni. Lakini paa likivuja, choo kikijaa, au mkataba ukikaribia kwisha, haonekani wala hapokei simu. Halafu siku moja anatokea na kusema: kuanzia mwezi ujao kodi ni shilingi 150,000, asiyetaka ahame. Mfanyakazi aliyekuwa akilipa 100,000 anakosa usingizi. Watoto wanasoma shule ya karibu, na mshahara haukuongezwa hata senti moja.

Ndugu, jambo hili lina sheria. Mwaka 2022 Uganda ilipata Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji. Inasema kodi haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Basi piga hesabu: kodi ya 100,000 mwisho wake ni 110,000. Hiyo 150,000 imetoka mdomoni mwa msimamizi, haikutoka katika sheria.

Sheria hiyo inasema pia kwamba mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Na hakuna ruhusa ya kumtoa mpangaji kwa nguvu bila amri ya mahakama. Kufuli mlangoni usiku, kung'oa mabati, kukata maji ili uhame mwenyewe, yote hayo ni makosa.

Sasa tufanye nini na msimamizi asiyejibu?

Kwanza, usiache kulipa kodi. Wako wanaosema, "Hajatengeneza paa, simlipi." Huko ni kumpa panga akukate nalo. Atakwenda mahakamani akiwa na deni lako mkononi, na habari ya paa haitasikika. Akiikataa pesa yako, mpelekee mbele ya mashahidi na uandike tarehe.

Pili, dai risiti kila unapolipa. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba ukiisha naye akaendelea kupokea kodi bila kusema neno, risiti hizo ndizo zitakazoonyesha kwamba amekukubali kuwa mpangaji wake.

Tatu, usingoje mkataba uishe. Miezi miwili kabla, andika barua fupi: jina lako, namba ya chumba, kodi unayolipa, na kwamba unataka kuendelea. Andika nakala mbili, naye atie sahihi katika moja. Akikataa, mkabidhi mbele ya mwenyekiti wa LC.

Nne, msimamizi si mwenye mali, ametumwa tu. Tafuta jina la mwenye nyumba katika mkataba, au muulize mwenyekiti, umpelekee nakala. Mara nyingi mwenye nyumba hajui kinachofanyika, wala haijui pesa iliyozidi.

Tano, na hili ndilo kubwa, msiende mmoja mmoja. Anayelalamika peke yake huitwa mkorofi na kuambiwa afungashe. Vyumba kumi vikitia sahihi barua moja, msimamizi atafikiri mara mbili, kwa sababu vyumba kumi vitupu havimletei kodi. Somo hili tulilijua kiwandani zamani. Halibadiliki tunapofika nyumbani.

Wenzetu mnaokaa katika kambi za kampuni, nyumba yenu imefungamana na kazi. Shida zenu mleteeni mwakilishi wa chama, zijadiliwe pamoja na mwajiri.

Aliyepewa notisi asikimbilie kufungasha. Aje na karatasi zake, zote, katika mkutano wa tawi, tuzisome pamoja kabla siku ya notisi haijafika.

Umoja ni nguvu!