Kiko Baada ya Miaka ya Kuacha: Moshi Usiomezwa Unaingia Wapi?

Kila baridi ya Juni inapoibana Mbeya, wazee wa Soweto na mitaa ya jirani huniletea swali lilelile: "Daktari, tumbaku niliacha zamani. Nikirudia kiko tu, jioni, bila kumeza moshi, kuna ubaya gani?" Anayeuliza hivyo anastahili maelezo, si kukemewa.

Jibu linaanzia shambani. Chunya hulimwa tumbaku ya mvuke, ambayo hukaushwa ndani ya bani kwa joto la mabomba, moshi usiiguse. Jani likikaushwa hivyo hubaki na sukari nyingi, na sukari ikiungua hutoa moshi wenye asidi. Nikotini iliyo katika moshi wa namna hiyo haipenyi kwa urahisi ngozi laini ya kinywa, ndiyo maana mvuta sigara huupeleka mpaka mapafuni. Namtumbo na Songea wanalima tumbaku ya moshi, ile nyeusi inayokaushwa kwa moto wa kuni. Sukari yake ni kidogo sana, na moshi wake huelekea kwenye alkali. Huo hauhitaji mapafu, kwa kuwa nikotini yake hupenya mashavuni na chini ya ulimi huku mvutaji akiamini hajameza kitu. Majani ya kienyeji yanayokaushwa kivulini au juu ya moto wa jikoni yana tabia hiyohiyo.

Kwa hiyo mzee anayejaza kiko jani la namna hii akasema hamezi moshi huenda anasema kweli, na mapafu yake hupata moshi kidogo kuliko ya mvuta sigara. Lakini nikotini inaingia, na kinywa ndicho kinachobeba mzigo. Tena aliyewahi kuzoea sigara mara nyingi humeza hata moshi wa kiko bila kujitambua. Sigara moja ina tumbaku isiyofika gramu 1, wakati kichwa cha kiko huweza kubeba mara mbili au tatu ya hiyo.

Wengine huniambia kiko kizuri huchuja sumu. Sinya, wilayani Longido, kulichimbwa jiwe jeupe jepesi ambalo viwanda vya Arusha vililichongea viko vilivyopendwa hadi ng'ambo. Jiwe hilo hunyonya unyevu na sehemu ya lami, moshi ukawa mtamu zaidi. Halikingi saratani.

Sasa mwili wa aliyeacha. Nusu ya nikotini huondoka katika damu kwa takriban saa 2, na ndani ya miezi michache ubongo hurudia hali yake ya kawaida. Ustahimilivu nao hupungua. Mtu aliyekuwa akivuta kutwa nzima bila shida hujaza kiko kimoja leo akatokwa jasho na mate, kichwa kikazunguka, moyo ukaenda mbio. Kwa mwenye presha, hilo si jambo dogo. Ubaya ni kwamba baada ya siku chache mwili huzoea tena, kichefuchefu kikaisha, na yeye akadhani sasa mambo ni salama. Kisichofutika kwa miaka ni kumbukumbu ya ubongo: baridi ya jioni, harufu ya jani, ulanzi na wenzake. Vitu hivyo huamsha hamu hata baada ya miaka ishirini, na kiko cha "mara moja tu" mara nyingi huzaa cha kila siku.

Uhusiano wa kiko na saratani ya mdomo ulielezwa katika ripoti ya serikali ya Marekani ya mwaka 1964. Sisi tuna sababu ya ziada ya kuogopa: Tanzania imo katika ukanda wa saratani ya umio, unaoanzia Ethiopia kupitia Kenya na Malawi hadi Afrika Kusini. Tumbaku ikikutana na pombe, hatari hiyo huzidishana.

Aliyeacha kwa miaka 5 hadi 10 amekwisha kupunguza hatari ya saratani ya kinywa kwa takriban nusu. Hiyo ni mali aliyoichuma kwa taabu. Baba, mama, kama umeacha, nakusihi usikijaze tena. Na kama umesharudia, usione haya kuja hospitali: tutakusaidia kuacha tena, na tutaangalia kinywa chako. Kidonda au doa jeupe lisilopona kwa wiki 2, au chakula kinachokwama ukimeza, usikisubirishe hata siku moja.