Kingamwili za Kuazima: Je, Zinaokoa Mwenye Jeraha Linalooza?

Yapo maambukizi ya jeraha yanayoanza kama uvimbe wa kawaida, na baada ya siku moja au mbili nyama iliyo chini ya ngozi inakuwa imekufa. Dalili ya kuangalia ni homa na maumivu makali kupita jinsi jeraha lenyewe linavyoonekana. Mmoja wa wahusika wakubwa ni bakteria aitwaye streptokoka kundi A, yule yule anayeleta maumivu ya koo kwa watoto.

Kwa nini mtu mwenye afya njema azidiwe haraka hivyo? Kwa kawaida kijidudu kikiingia mwilini huamsha seli chache sana za ulinzi aina ya T, pungufu ya 1 kati ya 1,000. Sumu za bakteria huyu zaweza kuamsha hata 1 kati ya 5 kwa mara moja. Ni kama sungusungu wa kijiji kizima kutoka usiku na kumpiga kila wanayekutana naye. Mishipa ya damu huvuja, presha hushuka, figo hushindwa kazi.

Kingamwili ndizo zinazozikamata sumu hizo. Kwa hiyo wataalamu walifikiri kumwazima mgonjwa kingamwili zilizokusanywa kutoka damu ya watu zaidi ya 1,000, kwa njia ya dripu. Hospitali ya Rigshospitalet, Copenhagen, ilijaribu jambo hili mwaka 2014 hadi 2016 kwa wagonjwa 100. Nusu walipewa gramu 25 kila siku kwa siku 3, nusu maji ya chumvi tu. Baada ya miezi 6 makundi yote mawili yalikuwa sawa katika kurudia nguvu za mwili. Ni kweli wagonjwa wale hawakuwa wote na bakteria wa aina moja, na wapo madaktari wanaoendelea kuitumia kwa streptokoka. Sisi tunaona dawa ghali namna hii isimfanye mtu asahau kisu cha daktari: nyama iliyokufa lazima ikatwe mapema, pamoja na antibayotiki. Klindamaisini huongezwa kwa kuwa huzuia bakteria kutengeneza sumu.

Kwa pepopunda habari ni nyingine. Huko kingamwili zimetumika tangu miaka ya 1890, nazo hukamata sumu ambayo bado haijaingia kwenye neva. Iliyokwisha kuingia haziifikii, ndiyo maana sindano hutolewa mara mgonjwa anapofika.