Manowari za Ziwa Tanganyika (2): Graf von Götzen na Gavana Aliyeipa Jina

Juma lililopita tuliziona Hedwig von Wissmann na Kingani, boti mbili ambazo Wajerumani walizitumia kulitawala Ziwa Tanganyika vita vilipoanza mwaka 1914. Leo ni zamu ya meli kubwa, ile ambayo watu wa Kigoma, Kasanga na Mpulungu wameijua kwa miaka mingi kama Liemba. Iliposhushwa majini tarehe 5 Februari 1915 iliitwa Graf von Götzen. Vitabu vingi vinavyosimulia habari zake humtaja mwenye jina hilo kwa mstari mmoja, kwamba alikuwa msafiri na gavana, kisha vikampita. Sisi hatuwezi kumpita.

Kwanza meli yenyewe. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Mafundi waliiunganisha kwa bolti tu, ili kuhakikisha kila kipande kinakaa mahali pake, kisha wakaifungua yote na kuipakia katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yalikuja kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapakiwa kwenye reli ya kati iliyokuwa ndiyo kwanza imefika ziwani. Fundi Anton Rüter na wenzake wawili walifuatana na shehena hiyo. Huko Kigoma waliiunda upya pamoja na vibarua wa Kiafrika, na hao ndio waliobeba vyuma na kugonga ribiti juani. Ilikuwa na urefu wa mita 71 hivi, na hapakuwa na chombo kingine ziwani kilichoikaribia kwa ukubwa.

Ilikusudiwa kubeba abiria na mizigo, lakini vita viliigeuza manowari. Mzinga wake mkubwa, wa milimita 105, ulitoka kwenye Königsberg, manowari iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915 na mizinga yake ikaopolewa. Hata hivyo, kazi kubwa ya Götzen haikuwa kupiga mizinga. Ilibeba mamia ya askari kwa safari moja kutoka Kigoma kwenda kusini mwa ziwa, na Wabelgiji wa ng'ambo ya pili hawakuwa na cha kuizuia. Waingereza walipoleta boti zao Mimi na Toutou, waliikamata Kingani Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig Februari 1916, lakini kamanda wao Spicer-Simson hakuthubutu kuikabili Götzen. Kilichoimaliza ni vita vya nchi kavu. Mzinga mkubwa uliondolewa ukapelekwa kwa jeshi, ndege za Wabelgiji zikaanza kuishambulia bandari, na reli ikawa karibu kukatwa. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe kusini mwa Kigoma. Kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nzito, wakitumaini kurudi.

Sasa mwenye jina. Gustav Adolf von Götzen alizaliwa mwaka 1866, kabaila wa Silesia na ofisa wa jeshi. Desemba 1893 aliondoka Pangani na msafara wa wapagazi na askari, akavuka Kagera mwaka uliofuata na kuingia Rwanda, ambako alipokewa na Mwami Kigeli Rwabugiri. Aliliona Ziwa Kivu, akaendelea hadi Bahari ya Atlantiki kwa njia ya Kongo. Kitabu alichoandika juu ya safari hiyo kilimpa sifa kubwa kwao.

Mwaka 1901 akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Chini yake wanavijiji wa kusini walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa malipo madogo mno, huku mashamba yao ya chakula yakiachwa, na kodi ikidaiwa kwa fedha taslimu. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile wa Ngarambe, kiongozi wa kiroho wa vita hivyo, alinyongwa mapema Agosti, lakini vita vilienea hadi Ungoni. Gavana aliomba askari zaidi kutoka Ujerumani, na jeshi lake likaamua kuvimaliza vita kwa njaa: vijiji vilichomwa, maghala yakateketezwa, mbegu zikachukuliwa. Wajerumani wenyewe walikadiria Waafrika 75,000 waliokufa, na wanahistoria wa baadaye wamefika 250,000 na zaidi, wengi wao kwa njaa na maradhi. Wazee wa Songea walinyongwa Februari 1906. Mwaka huohuo Götzen aliondoka, na mwaka 1909 akachapisha kitabu chake juu ya vita hivyo. Alifariki mwaka uliofuata.

Kwa hiyo meli iliposhuka Kigoma mwaka 1915, hata miaka kumi haikuwa imetimia tangu Maji Maji. Huko kusini walikuwapo watu wazima waliozika watoto kwa ile njaa. Kwangu mimi, kuupamba ubavu wa meli kwa jina lile kulikuwa tangazo la mshindi, na ni haki msomaji aliyepanda Liemba alijue hivyo.

Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na injini zile zilizopakwa grisi zikakutwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone aliliandika kuwa la sehemu ya kusini ya ziwa. Katika miaka ya 1970 ilifungwa injini za dizeli. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo, na Mei 2015, Warundi walipojazana ufukweni Kagunga wakikimbia machafuko, wakiwa hawana maji safi wala barabara ya kutokea, ndiyo iliyokwenda na kurudi kuwaleta Kigoma.

Juma lijalo: Mimi na Toutou, na njia ya msituni zilimoburutwa kutoka Fungurume.