Wale Wasee wa Kawi Wanaozunguka Isili na Kalkuleta: Wera Yao Ni Gani Haswa?

Stima ikipotea Eastleigh, hauhitaji kuangalia balbu ndio ujue. Utaskia tu. Jenereta moja inaanza First Avenue, ingine inajibu Jam Street, na kabla umalize kushangaa zote zinanguruma ka mathree za 6 na 9 zikigombania abiria. Biashara haisimami, Isili haijui kusimama. Lakini kuna msee analipia hiyo kelele, na mara nyingi ni wewe uliyekuja kununua dera ama pazia ya keja.

Piga hesabu na mimi. Jenereta ndogo ya petroli hutoa karibu uniti mbili za stima kwa kila lita. Lita ikiwa bob 180, hiyo uniti moja imekula bob 90. Sasa hata tuseme stima ya Kenya Power inakufikia kwa bob 30 ukiweka makato yote, bado ya jenereta ni mara tatu. Na hatujaongea oili, plagi, wala yule fundi anakuja kila mwezi kusema "boss, hii kabureta imekufa."

Hapa ndio huingia watu fulani hujiita washauri wa kawi na maendeleo ya uchumi mashinani. Jina refu, najua. Kwa lugha ya base ni hivi: fundi wa waya anakuletea stima mpaka kwa ukuta, alafu anaenda. Mshauri anakuja kukuuliza utaifanyia nini ndio ikuletee doh, na ka kuna njia ya kutumia kidogo upate kingi. Anaweza kuwa amelipwa na kaunti, na shirika, na benki, ama na mwenye jumba. Na hiyo ya nani amemlipa, shika kabisa, tutairudia.

Kwani hiyo kazi ilitoka wapi? Angalia vile Kenya imesambaza stima. Mwaka wa 2013 Kenya Power ilikuwa na wateja milioni 2.3 hivi. Mradi wa Last Mile ukaanza 2015, na kufikia 2023 walikuwa wamepita milioni 9. Kwa makaratasi, hongera. Lakini wengi wa hao wateja hutumia chini ya uniti 30 kwa mwezi: balbu mbili, simu, na TV ka mpira iko. Kampuni imevuta waya na haipati pesa, na mwananchi amepata mwangaza lakini mfuko ni ule ule. Waya peke yake haileti kazi. Lazima mtu akae chini na kinyozi, na mama wa friza, na fundi wa kuchomelea, wapange.

Na usidhani hii ni story ya juzi ya wazungu na sola. Eastlands imeipitia kitambo, tena ikashinda. Hiyo jiko ya udongo na mabati iko kwa nyumba ya shosho yako ilizaliwa kwa mradi wa kawi mwanzo wa miaka ya 80. Marekani kupitia USAID iliweka pesa, Wizara ya Kawi ikaingia, shirika la KENGO likasukuma, na wataalamu wakaenda Thailand kuangalia jiko ya huko inayokaa ka ndoo. Wakaileta Nairobi. Ile ya kwanza ilisumbua: udongo ulipasuka, na jiko yenyewe ilikuwa nzito. Walioirekebisha ni mafundi wa jua kali wenyewe, huku Shauri Moyo na Kamukunji, mwendo mfupi tu kutoka Isili. Kiuno kikabanwa, udongo ukabaki sehemu ya juu pekee, na ikatoka ile umbo unajua.

Kitu moja hao wataalamu walifanya poa sana ni kukataa kugawa jiko bure. Walifundisha mafundi, wakaacha kila mtu auze kwa bei yake. Mara ya kwanza bei ilikuwa juu ile mbaya, lakini mafundi walipozidi ikashuka mpaka mtu wa Majengo akaweza. Jiko hula makaa kidogo, akiba ya kati ya asilimia 30 na 50 ukilinganisha na ile ya mabati tupu. Leo hakuna mradi unalipia mtu kuiunda, na bado Kamukunji wanagonga nyundo kila asubuhi. Baadaye watu wengine walijaribu njia hiyo hiyo: GVEP International, ambayo ilikuja kubadilisha jina ikawa Energy 4 Impact, ilianza mradi mwaka wa 2008 Kenya, Uganda na Tanzania wa kupea biashara ndogo za kawi walimu wa kuwafuata mpaka kwa duka.

Sasa turudi Isili ya leo. Unajua hizo floor za mapazia, ambapo unachagua kitambaa na fundi anakushonea ukingoja? Wacha tuingie hapo na macho ya mshauri. Tuseme kuna cherehani kumi za umeme, kazi masaa kumi kwa siku. Nyingi za hizo mashine hukuja na mota ya klachi. Hiyo mota ikiwashwa inazunguka siku nzima, hata fundi akiwa anapiga story na kunywa shaah. Kuna aina ingine, servo, ambayo inazunguka tu mguu ukikanyaga. Tuseme ya klachi inavuta wati 250 kwa wastani na ya servo wati 80. Cherehani kumi za klachi zitakula uniti 25 kwa siku, za servo uniti 8. Umeokoa 17. Kwa bob 30, hiyo ni 510 kila siku, na kwa siku 26 za kazi ni elfu 13 na kitu. Ka mota moja ya servo ni elfu nane, zote kumi zimejilipa kwa miezi sita. Baada ya hapo hiyo elfu 13 ni mshahara wa kijana mwingine wa kupiga pasi angalau nusu ya mwezi.

Na pasi ndio adui mwenyewe. Pasi moja ya kilowati moja ni sawa na cherehani nne za klachi. Zikiwashwa tatu pamoja na birika ya chai, swichi kuu inaruka na floor nzima inapiga nduru. Mshauri mzuri hatakuuzia kitu hapo. Atakwambia pasi zipokezane, na atauliza waya iliyoko ndani ya ukuta ni ya unene gani. Hiyo swali ni ya maana sana hii mtaa. Majumba ya kwanza ya biashara hapa yalikuwa nyumba za kulala. Garissa Lodge ilikuwa lojing'i kabla vyumba vigeuzwe maduka mwanzo wa miaka ya 90. Chumba kilichowekewa waya ya balbu na soketi moja hakiwezi kubeba mzigo wa duka bila hatari. Watu huogopa bili, mimi naogopa moto.

Kuna angle ingine wengi hawaioni: stima inayolisha Isili haiko yote Isili. Chukua maziwa ya ngamia. Mengi unayokunywa hapa hutoka Isiolo, karibu kilomita 285, na hushuka na basi ndani ya mitungi. Utafiti wa 2008 ulikadiria kwamba karibu nusu ya maziwa ya ngamia Kenya yalikuwa yanapotea. Jua la Isiolo halina huruma. Kina mama wa Anolei, kikundi cha Isiolo kilichopata ushauri wa shirika la SNV, hutumia friza: maziwa ya jioni yanagandishwa, alafu asubuhi yanachanganywa na mabichi ili mzigo wote ufike Nairobi ukiwa baridi. Friza chache, zikiwa mahali zinafaa, zimewapa kazi wafugaji huko, madereva hapo kati, na kina mama wanaouza kwa kikombe hapa Section One. Stima ikikosa Isiolo usiku mmoja, kesho yake Eastleigh kuna susa mingi kuliko maziwa.

Na sola? Kila mtu anauliza sola. Poa, tuseme paa ya jumba lako ni mita mraba 400. Toa matangi ya maji, milingoti ya simu na njia ya kupita, umebaki na 200. Hapo utaweka kama kilowati 30, na kwa jua la Nairobi utapata uniti 120 hivi kwa siku. Sasa hesabu maduka: floor nane, maduka 40 kila moja, kila duka likitumia uniti mbili tu ni 640. Paa imekupa chini ya moja kwa tano. Hiyo inatosha taa za korido, pampu ya maji na kamera, na inapunguza bili ya pamoja ambayo wapangaji hulia nayo. Haitabeba jumba zima. Isili imejengwa kwenda juu, na jua linapiga paa moja tu. Alafu watu hununua sana jioni, na Ramadhani ni usiku mpaka chee, wakati paneli zimelala. Ukitaka kurudisha stima ya mchana kwa Kenya Power, kanuni za 2024 zinaruhusu mpaka megawati moja, lakini kila uniti unayotuma unahesabiwa nusu. Kwa hivyo msee akikuambia "tutaondoa Kenya Power kabisa," muulize betri ni pesa ngapi na zitakaa wapi. Akianza kuangalia viatu, jua umeshapata jibu.

Hapo ndio tunarudi kwa ile swali ya nani amemlipa. Mshauri anayelipwa na muuzaji wa paneli atapata shida ambayo dawa yake ni paneli. Wa jenereta vivyo hivyo. Ripoti tamu si ushahidi. Omba bili za miezi 12, omba vipimo vya mita kabla na baada, na uliza leseni. EPRA ndio hupatia mafundi wa sola na wa stima leseni, na pia wakaguzi wa kawi. Majumba makubwa hayana hiari hapa: kanuni za 2012 zilisema jengo linalotumia uniti 180,000 kwa mwaka, yaani 15,000 kwa mwezi, likaguliwe kila miaka mitatu, na mwenye jengo afikishe angalau nusu ya akiba aliyoonyeshwa. Mpangaji, ukiona bili ya pamoja inapanda na hakuna mtu anaeleza, unaweza kuuliza landilodi ripoti ya mwisho ya ukaguzi iko wapi. Uliza kwa heshima, lakini uliza.

Sheria ya Kawi ya 2019 nayo inataka kila kaunti iwe na mpango wake wa kawi. Hiyo inamaanisha kuna vikao vya wananchi, na vijana wa Eastlands wakikosa, mpango utaandikwa na watu hawajawahi kupanda ngazi hizi stima ikiwa imepotea.

Na ka wewe mwenyewe unataka hii wera, mlango haujafungwa. Cheti ama diploma ya umeme inakufungulia leseni ya EPRA, na ya sola ina ngazi T1, T2 na T3, unapanda vile ujuzi unaongezeka. Upande wa ukaguzi, kituo cha kawi cha chama cha wenye viwanda, KAM, kimekuwa kikikagua kampuni tangu 2006, na ni vizuri kujua vile ripoti zao hukaa. Lakini somo la kwanza liko karibu zaidi. Chukua mita ndogo ya kuchomeka kwa soketi, enda kwa kinyozi wako, pima dryer, taa na friji ya soda kwa wiki moja, andika kwa daftari. Mwonyeshe. Akikulipa ata soo mbili, hiyo ndio kazi yako ya kwanza ya ushauri, na hujavaa tai.